Sanduku Lililopumua Mbele ya Bendera

Mtu aliyekamatwa mpeni kiti. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa nilipoingia polisi hapa Bukavu, na ndilo la kwanza ninalowaambia ninyi vijana mnaokuja kuniuliza habari za kazi. Aliyenifundisha ni Komiseri Birindwa, mkubwa wangu wa kituo, mtu mnene na mpole. Kituoni tulikuwa na kigoda kimoja tu, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Nilipotaka kukitengeneza, alinikataza.

"Acha kibaki vile," akasema. "Mutu anayekaa pale anatafuta namna ya kutoanguka. Hana nafasi ya kutunga uongo."

Nilipostaafu nilikiomba kigoda hicho, wakanipa. Kiko barazani kwangu, mtaani Kasha. Juzi Mugisho, mjukuu wa dada yangu, alikuja na wenzake wanaosomea sheria, akakikalia bila kujua ni cha kazi gani. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mmoja alisema gaidi ni mhalifu kama wahalifu wengine: akamatwe, aulizwe, apelekwe mbele ya jaji. Mugisho akasema hapana, gaidi ni adui wa vita, na adui ni kazi ya jeshi.

"Adui haulizwi jina, koko," akaniambia, yaani babu, huku akijishika asianguke. "Wewe ulikuwa polisi. Unasema je?"

Nilimwambia jibu ninalo, ila linaanzia kwenye pombe ya ndizi. Wakacheka. Nanyi chekeni, kisha nisikilizeni.

Mimi shule niliiacha mapema. Wazazi wetu walipofariki, mmoja baada ya mwingine, nilikuwa mkubwa wa watoto wote, na wadogo zangu walitaka kula kila siku, tabia ambayo hawakuiacha. Polisi walikuwa wanachukua vijana warefu. Nilikuwa mrefu. Huo ndio mtihani niliofaulu.

Kazi yenyewe sikuijua. Mwaka wangu wa kwanza nilimkamata mwizi wa mlango kule Nguba, kwenye nyumba moja karibu na ziwa. Sikuwa na pingu. Nikamfunga kwa kamba kwenye ule mlango alioiba, nikamwambia aubebe mgongoni twende kituoni. Njiani mvua ikanyesha. Mimi nikakimbilia chini ya paa la duka, yeye akajikinga kwa mlango wake akaendelea kutembea. Sikumwona tena, wala mlango.

Birindwa alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," akasema, "mwizi alikuwa amechukua mulango, na wewe ukamufungia vizuri usianguke."

Basi, siku ya sanduku. Tulikuwa Zaïre tayari, tukiitana Citoyen, yaani raia, asubuhi na mchana, na redio ilikuwa ikisema kila siku kwamba waasi wa milimani wanaingiza watu wao mijini na kwamba kila raia awe macho. Raia walikuwa macho kweli. Tuliletewa vinyozi, watu waliouliza njia, na mzungu mmoja aliyekuwa akitazama ndege.

Kituo chetu kilikuwa pale malori yanaposhusha watu, karibu na soko. Kulikuwa na uzio wa miti, tunaouita lupango, na ndani ya lupango mlingoti wa bendera. Asubuhi moja Maman Furaha, muuza sambaza, alikuja mbio ameacha samaki wake.

"Papa polisi! Kuna sanduku pale inje. Inapumua!"

"Inapumua namna gani, maman?"

"Sawa mutu muzima amelala amekasirika!"

Nikatoka. Lilikuwa sanduku la chuma, la kijani, lenye namba za jeshi, yale masanduku ya risasi yaliyobaki kila mahali baada ya vita vya miaka ya nyuma. Watu waliyatumia kuwekea nguo na chumvi. Lakini hili lilikuwa likifanya *sssss*, linanyamaza, halafu *sssss* tena. Kando yake alisimama kijana. Aliponiona, alifunika uso kwa mikono yote miwili, akakimbia.

Mtu anayekimbia polisi na nyuma yake kuna sanduku la risasi linalopumua, ninyi mngefanya nini? Nilimfukuza. Nilipomshika na kumgeuza, nikamtambua. Alikuwa Bisimwa, aliyekuwa akiosha vyombo vya kioo katika kituo cha utafiti cha Lwiro. Kesho yake ukoo wake ulikuwa uje nyumbani kwangu kumposa mdogo wangu Nsimire. Kwa kuwa baba hatukuwa naye, baba wa binti nilikuwa mimi.

Nikamkalisha kwenye kigoda.

"Bisimwa, ndani ya sanduku iko nini?"

"Siwezi kusema, Papa."

"Sababu gani?"

"Iko haya."

Hapa lazima mwelewe jambo moja, maana bila hilo hadithi haiendi. Katika ukoo wetu, mchumba haruhusiwi kuonwa na baba wa binti akiwa na pombe ya posa kabla ya siku yenyewe, wala kuitaja mbele yake. Ni aibu kubwa, kama kuja ukweni bila suruali. Bisimwa hakujua kwamba wiki ile mimi na Birindwa tulikuwa tumehamishiwa kituo kile, na kigoda chetu. Alishuka kwenye lori na kasiksi yake, pombe ya ndizi, akawa anangoja mkokoteni, na ghafla akamwona baba mkwe amevaa kofia ya serikali. Alikimbia kwa heshima.

"Iko kasiksi?" nikamwuliza taratibu.

Akafunika uso tena. Kigoda kikamwangusha.

Nikaenda kwa Birindwa. "Komiseri, ile ni pombe. Niruhusu nifungue."

Lakini habari ilikuwa imekwisha kupanda hadi kambi ya jeshi, na Komanda alikuwa ameshafika na askari wake. Alitoka mbali, mtu wa Kilingala, mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri. Alilitazama sanduku kutoka ng'ambo ya barabara.

"Komiseri," akaita, "sanduku iko inje ya lupango. Inje ni mambo ya raia. Ile ni kazi ya polisi."

"Citoyen Komanda," Birindwa akajibu, naye kutoka nyuma ya ukuta, "sanduku iko na namba za jeshi. Kitu ya jeshi, jeshi inafungua."

"Kama ni mwizi ameiweka, ni mwizi wako."

"Kama ni bomu, ni bomu yako."

Waliendelea hivyo muda mrefu, wakipigiana kelele juu ya vichwa vya watu wa soko, mpaka wakapatana: mtu ni wa polisi, sanduku ni la jeshi. Nikasogea nilifungue. Komanda akafoka. "Wewe! Polisi hawezi kugusa mali ya jeshi!" Nikamwuliza basi askari wake watalifungua lini. Akasema watalifungua likiacha kupumua.

Hapo bado ningeweza kucheka. Kicheko kiliniisha mchana, Komanda aliporudi kutoka kwenye redio ya kambi. Alikuwa amewaambia wakubwa wake kwamba kuna sanduku na kuna mtu, nao walifurahi mno. Sasa alimtaka mtu.

"Huyu ni adui," akasema. "Anapanda na mimi ku camp."

Ninyi hamkuwa mmezaliwa, kwa hiyo niwaambie wazi. Aliyepelekwa kwa jaji, ndugu zake walimpelekea chakula, na siku moja alirudi, amekonda au amenenepa. Aliyepanda kambini kama adui, ndugu zake hawakujua pa kupeleka sahani. Niliwafahamu akina mama waliokuwa wakizunguka na sahani hizo. Kwa hiyo swali lile, huyu ni wa polisi ama ni wa jeshi, siku ile lilikuwa na shingo, nayo ilikuwa shingo ya Bisimwa.

Birindwa alijaribu. "Tulipatana asubuhi. Mutu ni wangu. Na hata jina yake hujauliza."

"Adui haulizwi jina. Akishambulia serikali, ni vita."

"Serikali ni ndani ya lupango. Wewe mwenyewe ulisema. Sanduku iko inje."

Komanda akafikiri. Kusogeza sanduku ndani, hakuna askari aliyekubali. Basi akaamuru wasogeze lupango.

Nawaambieni kile nilichokiona kwa macho yangu. Askari waling'oa miti ya uzio, wakauzungusha mbali kabisa upande wa barabara, wakaichimbia upya, na sanduku likawa ndani ya serikali bila kusogea hata kidogo. Maman Furaha na sambaza zake nao wakawa ndani. Akauliza kama sasa atalipwa mshahara.

Komanda alipokwenda kula, Birindwa akatuita. Tukaurudisha uzio. Vita ikawa uhalifu. Komanda alirudi akipangusa mdomo, akakuta tena ni uhalifu, akaamuru askari wake, ikawa vita. Kufikia saa kumi ile miti ilikuwa imelegea hata kuku angeiangusha, na ardhi imejaa mashimo mpaka watu wakawa wanajikwaa kwenye mpaka wa zamani wa serikali.

Ndipo Nsimire akaja. Alikuwa amesuka nywele kwa ajili ya kesho. Hakulia.

"Yaya," akaniambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "banasema munamupeleka ku camp."

"Si mimi. Ninajaribu."

"Ulitukomalisha sisi wote bila kupoteza hata mumoja. Usinipotezee huyu."

Bisimwa, aliyekuwa kwenye kigoda, alimwona, na kwa kuwa nilikuwepo na kasiksi ilikuwepo, akafunika uso. Nilitamani kumpiga.

Jioni Komanda aliacha kubishana. Aliwaambia askari wake wamtoe. Walimshika huku na huku, wakampeleka kuelekea jeep iliyokuwa imewashwa. Birindwa akasimama mbele yao na tumbo lake lote. Komanda akatia mkono kwenye bastola. Wakati huohuo filimbi ikalia.

Saa kumi na mbili. Bendera inashuka.

Wazee watakumbuka. Filimbi ya bendera ikilia, Zaïre nzima ilisimama. Gari lilisimama, mwenye mzigo kichwani alisimama nao, mwenye kugombana na mkewe alibaki na mdomo wazi. Aliyetikisika aliulizwa kwa nini haipendi nchi. Basi tukasimama sote: Komanda na mkono kwenye bastola, Birindwa na tumbo mbele, Bisimwa kati ya askari wawili, Nsimire, Maman Furaha. Polisi, jeshi, raia na adui, wote wima, tukiitazama bendera.

Bendera ikashuka nusu, ikakwama.

Mvua ya siku zile ilikuwa imeivimbisha kamba. Polisi wa zamu alivuta. Haikuja. Akavuta tena. Bendera ilikuwa bado haijashuka, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kusogea, na nyuma yetu sanduku lililokaa juani siku nzima likabadilisha sauti. Halikusema tena *sssss*. Likaanza kunung'unika. Kifuniko kikawa kinagonga, *kro, kro, kro*. Niliona jasho likimshuka Komanda shavuni. Kila mtu alijua la kufanya, kukimbia, na hakuna aliyekimbia, maana bomu huenda likakosa mtu, lakini wale wa kuripoti hawakosi.

Likapasuka.

Kifuniko kiliruka juu ya paa. Nikangoja kufa. Badala yake nikahisi kitu cha baridi shingoni, kinateremka, kinanata. Povu lilitufunika. Lilimwangukia Komanda kwenye kofia, likatambaa polepole, likafika kwenye yale masharubu. Na harufu ikaja, harufu ambayo mtu yeyote wa hapa anaijua tangu ubatizo wake. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepangusa uso. Bendera ilikuwa bado nusu. Nzi walikuja wakatua juu yetu kwa raha zao.

Ndipo nikaona, kwa pembe ya jicho, ncha ya ulimi wa Komanda ikitoka, ikagusa masharubu, ikarudi.

Kamba ikaachia. Bendera ikashuka, filimbi ikalia, na watu wote waliokuwa wameuzuia woga wao kwa ajili ya nchi wakakimbia kwa pamoja. Uzio ukalala chini wote.

"Masanga," Komanda akasema kwa Kilingala. Pombe.

Lakini msifikiri ilikwisha hapo. Alikuwa ametangaza kwenye redio kwamba adui amekamatwa. Alimtazama Bisimwa kwa chuki zaidi kuliko mwanzo, maana bomu angemsamehe. Birindwa akaonyesha miti iliyolala.

"Citoyen Komanda, lupango haiko. Ndani ni wapi? Inje ni wapi? Turudie mapatano ya asubuhi. Mutu wangu, sanduku yako."

Komanda akapangusa macho. "Leo nachukua sanduku. Kesho nakuja kumuchukua yeye. Kule juu banangojea adui, hawangojei pombe."

Sandukuni mlikuwa na chupa kubwa mbili za kioo, zenye tumbo, zile tunazoita damujani. Bisimwa alizipata Lwiro. Kasiksi yetu hubebwa kwenye kibuyu chenye kizibo cha jani la mgomba, ili ipumue. Yeye, mtu wa vyombo vya kisasa, aliziziba kwa kizibo cha mpira na kufunga kwa waya, isimwagike njiani. Moja ilipasuka. Ya pili, bado imefungwa, ilikwenda kambini na jeep, ikinung'unika.

Kesho yake Birindwa aliniita. "Mufungwa anaweza kutembea akiwa na mulinzi," akasema. "Mulinzi ni wewe. Tembeeni kule munapenda." Hivyo nikampeleka mchumba kwenye posa yake mwenyewe, nimevaa sare, nimemshika mkono. Niliingia mlangoni kama askari, nikavua kofia, nikakaa kama baba.

Wajomba zake walikuwa wamefika mikono mitupu. Walikaa kimya upande wao. Sisi tulikaa kimya upande wetu. Shangazi yangu, aliyekuwa akisimamia mambo, hakuwa mtu wa kulegeza. Pasipo kasiksi katikati, hakuna anayefungua mdomo. Nsimire alikuwa chumba cha pili, na nilijua anasikiliza ule ukimya. Nilikuwa nikifikiri: tukishindwa leo, na Komanda akija, atamchukua mtu ambaye si wa yeyote.

Jeep ikasimama nje.

Komanda aliingia. Nyuma yake alikuja askari akitembea kwa ncha za vidole, mikono imenyooka, amebeba damujani kama mtoto mwenye homa. Kumbe kambini hakuna aliyekubali kulala karibu nayo. Waliihamisha kutoka ghala hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi nyumbani kwa Komanda, ambako mke wake alimpa kuchagua.

"Weka pale," Komanda akamwambia askari. Akaiweka katikati ya nyumba. "Hii ni kitu yenu, chukueni. Na mimi nachukua mutu yangu."

Shangazi akasimama. Kwanza alifunika kizibo kwa kitambaa kilicholowa, akalegeza waya kidogo kidogo, akaiacha ipumue. Kisha akamgeukia Komanda.

"Karibu, muzee. Aliyeleta pombe ndiye anayeomba binti. Sema."

"Niseme nini? Mimi ni Komanda."

"Umeweka kasiksi katikati ya nyumba ya watu, mbele ya baba wa binti. Ama unaomba, ama umetutukana. Vua kofia."

Sijui kama mmewahi kumwona mwanajeshi mwenye bastola akitazamwa na shangazi wa kwetu. Alivua kofia.

"Unamuombea nani?"

"Huyu." Akaonyesha kwa kidole.

"Huyu ana jina. Jina yake ni nani? Baba yake ni nani? Babu yake? Walitoka mulima gani?"

Komanda akageuka kuwatazama wajomba. Mjomba mmoja wa Bisimwa akainuka, akamnong'oneza sikioni. Komanda akajaribu, akakosea jina la babu. Shangazi akamrudisha mwanzo. Akajaribu tena, akachanganya mlima na baba. Watu wakaanza kumsaidia kwa minong'ono, upande wake na upande wetu pia, hata askari wake. Mara ya mwisho alivuta pumzi na kusema yote, polepole, kwa Kiswahili chake kizito: Bisimwa, mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, mtu wa mlima fulani, anaomba mke. Nyumba ikapiga makofi. Kutoka chumba cha pili nilisikia Nsimire akipiga kigelegele, jambo ambalo binti anayeposwa hafanyi kamwe. Shangazi akajifanya hakusikia.

Msemaji hunywa kwanza. Komanda akanywa. Kisha akanivuta nje, karibu na jeep.

"Sasa kule juu nitasema nini?"

"Sema kile umesema hapa ndani, Komanda. Jina, baba, babu na mulima."

Akazungusha kofia mkononi. "Ile haiwezi kuingia ku redio," akasema. "Iko murefu sana." Akawaita askari wake, wakaondoka bila mtu.

Muda si mrefu, serikali ilimaliza ubishi wote ule: iliwachukua polisi ikawachanganya na jeshi. Tukapewa viatu vipya. Kwa hiyo vijana wangu, nimevaa viatu vya pande zote mbili, na nawaambia wauaji wapo. Nimewaona na nimewazika waliouawa nao. Mtu akifyatua risasi kutoka mlimani, sitampelekea Birindwa na kigoda. Lakini mtu akishakuwa mikononi mwenu, ni wa kigoda. Mkalisheni, mumwulize jina, na mngoje ajibu, hata kama juu wanangojea jambo fupi zaidi.

Juzi nilipofika hapo katika hadithi, wanafunzi walikuwa wanacheka. Mugisho peke yake hakucheka.

"Koko," akasema, "yule Bisimwa wa pombe... ni babu yangu?"

"Hakukuambia?"

"Hajawahi kutaja."

"Hawezi kutaja. Baba wa binti bado nipo."

Mugisho akasahau kushika kigoda.